Mtu si Kitu: Lugha Yetu Yasemaje?

Chukua mzizi mmoja mdogo wa Kiswahili, -tu. Uutie m- mbele, wapata mtu. Uutie ki-, wapata kitu. Uutie u-, wapata utu. Herufi moja au mbili ndizo zisimamazo baina yako, msomaji, na kiti ulichokikalia. Wageni wanaojifunza lugha yetu huonyeshwa jambo hili juma la kwanza, wakaliandika katika madaftari yao na kupita. Sisi tuliozaliwa nalo hatulitazami kabisa.

Na ni jambo la kutazamwa, kwani swali la nini kinachomtenga mtu na kitu limewashughulisha wanafalsafa karne nyingi. Immanuel Kant, Mjerumani wa Königsberg, aliandika mwaka 1785 kwamba kitu kina bei, nacho chaweza kubadilishwa kwa kingine cha thamani hiyo hiyo. Lakini mtu hana bei, bali ana hadhi. Hayo ni maneno mazuri, wala sina la kuyapinga. Lakini Kant alikuwa akisema na wasomi. Mimi leo nataka kuyahoji maneno yasemwayo sokoni Kongowea na jikoni majumbani mwetu, maana huko ndiko mtu hugeuzwa kitu bila ya yeyote kustuka.

Njia hii ya kuiuliza lugha si yangu. Padri Alexis Kagame wa Rwanda (1912–1981) alitoa kitabu mjini Brussels mwaka 1956, akaichambua sarufi ya Kinyarwanda kutafuta falsafa ndani yake. Alisema kila kilichopo chaingia katika mafungu manne: umuntu, yaani mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, jinsi kitu kilivyo. Yote manne yana mzizi mmoja, -ntu, ambao ni ndugu wa -tu yetu. Sisi Waswahili mawili ya mwisho tumeyaachia maneno ya Kiarabu, twasema mahali na jinsi, lakini yale mawili ya kwanza tunayo mpaka leo. Baadaye walitokea waliompinga, na mashuhuri wao ni Paulin Hountondji wa Benin, aliyesema kwamba falsafa haikai imelala ndani ya lugha ya kabila zima ikingojea kuchimbwa. Lazima mtu aketi aifikirie, na awe tayari kuhojiwa. Nami nakubaliana na Hountondji. Sarufi si hoja. Lakini yaweza kuwa shahidi, na shahidi huitwa akasikizwa kabla ya kuamua kama ni wa kusadikiwa.

Basi shahidi wetu asemaje? Kwanza, hakubaliani na ndugu yake wa Rwanda. Kagame alipiga mstari wake penye akili, mnyama akamwacha upande wa vitu. Kiswahili hakifanyi hivyo. Twasema mbuzi huyu amekula muhogo wangu, kama tungalivyosema jirani huyu amekula muhogo wangu. Hata wanyama ambao majina yao yaanza kwa ki-, kama kiboko, kifaru na kipepeo, husemwa kwa yule na ameruka, si kwa kile na kimeruka. Mti nao unamea na kufa, lakini twasema umeanguka, kwa kuwa hauna roho ya kuvuta na kutoa. Mstari wa Kiswahili, kwa hiyo, hauko penye akili. Uko penye pumzi. Na pumzi ikikatika mstari huvukwa papo hapo: ng'ombe amekufa asubuhi, na jioni ni mzoga unaonuka.

Hata hivyo sijamsikia Mswahili akisema kwamba mbuzi ana utu. Kuna mlango wa pili, basi, na mlango huo haufunguliwi na sarufi. Mtu aweza kuzaliwa mtu, akavaa, akasoma, akaoa, na bado watu wa mtaani wakasema, "Yule hana utu." Hawana maana kwamba hana akili, pengine wamemtaja kwa sababu akili anayo nyingi kupita kiasi. Wana maana kwamba ameyaacha matendo ambayo mtu hufanyia watu wenzake. Mshairi wa Mombasa, Ahmad Nassir Juma Bhalo, aliutungia utenzi mzima jambo hili na kuuita Mtu ni Utu, na mtaalamu wa Kijerumani, Kai Kresse, aliyeishi kwetu akiwasikiliza watu wa Mji wa Kale, aliueleza utenzi huo katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya falsafa ya Mombasa. Nia ya utenzi ni kwamba utu ni jambo la kutenda. Hauvaliwi kama kanzu ya Ijumaa, wala haurithiwi na mwana kutoka kwa babake kama shamba la minazi.

UUNGWANA NA UTU

Hapo penye kurithi ndipo ninapotaka kukaa, kwani sisi watu wa Mwambao tulikuwa na neno jingine lililofanana sana na utu, nalo ni uungwana. Leo ukimwambia mtu kwamba ni muungwana umemsifu kwa adabu yake. Zamani ulikuwa umemwambia kwamba si mtumwa. Muungwana alikuwa mwenye nasaba na nyumba. Adabu ilihesabiwa kuwa yake kwa kuzaliwa, na yule asiyekuwa muungwana hata akiwa na adabu ya malaika ilisemwa ameiga tu.

Tazama na maneno mengine ya zama hizo. Mjinga hakuwa mpumbavu. Alikuwa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, hajajua bado lugha wala desturi za pwani. Mzalia alizaliwa hapa hapa. Mtwana ni mwanamume, mjakazi ni mwanamke, na huyo wa mwisho mara nyingi alipunguzwa akaitwa kijakazi. Maneno haya bado tunayo mdomoni. Kila siku mwalimu anapomwita mtoto mjinga, hutamka neno lililokuwa likiwekwa juu ya mtu aliyeshushwa jahazini, na wala hajui.

Lakini hapa shahidi wetu aongeza jambo ambalo halikutazamiwa. Warumi wa kale, waliokuwa mabingwa wa sheria, walimtia mtumwa katika fungu la vitu. Na mwandishi wao Varro, akieleza zana za shamba, alimhesabu mtumwa kuwa ni chombo chenye kusema, karibu ya ng'ombe aliyekuwa chombo chenye kulia na gari lililokuwa chombo kibubu. Kiswahili kilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo hivyo. Ki- ilikuwapo, tayari, bure. Na bado tulisema mtumwa, watumwa, huyu, hawa. Neno lenyewe maana yake ni aliyetumwa, basi, na kitenzi hicho hicho cha kutuma ndicho kilichotupa neno Mtume. Aliyemnunua mtu sokoni Unguja, kabla ya soko lile kufungwa mwaka 1873, alilipa fedha kama alipavyo kwa pembe za ndovu. Lakini alipofungua kinywa kumtaja, lugha ilimlazimisha kusema kwamba amenunua mtu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba utumwa wa pwani ulikuwa mwepesi kwa sababu sarufi yake ilikuwa nzuri. Aliyeuzwa hakuonja utamu wa upatanisho wa ngeli. Nasema kwamba wazee wale hawawezi kutoa udhuru wa kutojua. Vitabu vya fiqhi tulivyosomeshwa chuoni vilimhesabu mtumwa mara mbili: katika mlango wa biashara alikuwa mali, na katika mlango wa ibada alikuwa mtu. Alifunga Ramadhani. Alisimama safu moja na bwana wake. Fitri yake bwana alimtolea, kama alivyomtolea mtoto wake. Na bwana akifa, mtumwa yuyo huyo aligawanywa katika urithi pamoja na minazi na majahazi. Sura ya Bani Israil, aya ya 70, yataja kutukuzwa kwa wana wa Adamu, wala haikutaja muungwana na mtumwa. Walioisoma kila mwaka walikuwa na hesabu mbili mkononi, na walijua kuwa ni mbili.

Utu, kwa upande wake, haukuwekewa ua. Mtumwa hakuweza kuwa na uungwana, lakini aliweza kuwa na utu, na bwana aliweza kuukosa. Ndiyo sababu naona utu ni neno kubwa kuliko uungwana, na nashangaa tunapowasifu watu kwa lile dogo.

KAMPUNI YAWA MTU

Mwezi Novemba mwaka 1896, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliyokuwa katika Baraza la Malodi mjini London, iliamua kesi ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu. Bwana Salomon alikuwa ameifanya biashara yake kampuni, kisha kampuni ikaanguka na kuwaacha wenye kudai. Walodi waliamua kwamba kampuni ni mtu mbali na yeye mwenyewe Salomon. Madeni yake si madeni ya Salomon. Hukumu hiyo ndiyo msingi wa sheria za kampuni mpaka leo, pamoja na za Kenya.

Haikupita miezi mitano. Aprili 1897, Unguja, chini ya ulinzi wa Waingereza hao hao, Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuufuta utumwa katika sheria. Kampuni ya viatu iliupata utu wa kisheria bila ya kuomba radhi kwa mtu. Mtumwa wa Unguja alitakiwa aende mahakamani mwenyewe kuudai uhuru wake, kisha aonyeshe kwamba ana pa kukaa na njia ya kujilisha, ama sivyo aitwe mzururaji. Fidia ililipwa, naam, lakini alilipwa bwana. Masuria walitengwa na amri ile, wakawa wangojea mpaka mwaka 1909. Huku kwetu, katika ukanda wa maili kumi, utumwa ulifutwa mwaka 1907, na hapo pia mwenye kulipwa alikuwa ni yule aliyenunua. Sheria ilipokuwa ikitamka kwamba mtu hana bei, ilikuwa imeshika kikoba cha fedha mkononi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 260, yasema kwamba neno mtu lahusu pia kampuni na chama. Sina ugomvi na wanasheria. Kampuni lazima iweze kushtaki na kushtakiwa. Na mambo yamefika mbali zaidi. Mwaka 2017 Bunge la Nyuzilandi liliupa mto wa Whanganui haki za mtu, kwa sababu Wamaori wa hapo wanauhesabu kuwa ni mzee wao. Mwaka 2022 mahakama kuu ya jimbo la New York ilimkatalia ndovu mmoja aitwaye Happy, aliyefungiwa katika bustani ya wanyama ya Bronx tangu mwaka 1977. Majaji watano walisema ndovu si mtu wa kupewa hati ya kufunguliwa, wawili wakapinga. Na sasa ziko mashine ambazo ukiziuliza swali hukujibu kwa "mimi". Vijana wameniuliza kama tutasema roboti hii au roboti huyu. Kwa leo nasema hii, kwa hoja ile ile ya pumzi, na atakayenionyesha roboti yenye kukata roho nitamsikiliza.

Linalonikera mimi ni jingine. Ni kwamba kampuni haijapata kuambiwa ithibitishe utu wake, lakini watu wa damu na nyama huambiwa kila siku.

KILE NA YULE

Ingia nyumba yoyote ambayo mfanyakazi ameondoka jana. Utasikia bibi wa nyumba akisema, "Kile kisichana kimeniacha na vyombo vimejaa." Sikiliza vizuri sentensi ile. Kisichana, kile, kimeniacha, vyombo, vimejaa. Msichana na masufuria wamepangwa katika kabati moja. Bibi huyo akimpoteza paka wake atasema amepotea, kwani paka ana roho. Lakini binti wa watu aliyemwoshea watoto miaka miwili amenyimwa hata upatanisho wa paka.

Si kila ki- ni tusi. Kiongozi ana ki-, na hajakasirika. Kijana, kinyozi na kiumbe pia. Mama amwitaye mwanawe kitoto changu amemkumbatia kwa neno hilo. Jambo lenyewe liko katika kile kinachofuata: kiongozi yule amesema, kinyozi huyu amenyoa. Jina laweza kuvaa ki-, lakini kitenzi humrudishia mtu heshima yake. Anayevusha ki- mpaka kwenye kitenzi, na si kwa mapenzi, huyo amekusudia.

Mabadiliko niliyoyaona katika maisha yangu ya uandishi yanatia moyo hapa. Tulikuwa tukiandika kilema bila ya kufikiri, na kilema, angalieni, ni jina la kasoro yenyewe: mtu mzima aliitwa kwa jina la mguu wake. Kisha pakaja mlemavu, m- ikarudi mahali pake. Siku hizi waandishi vijana huandika mtu mwenye ulemavu, na wako wazee wenzangu wanaoona hayo ni maringo ya maneno. Mimi sioni hivyo. Ibara ya 54 ya Katiba imeweka haki ya mtu mwenye ulemavu kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni mara chache sheria kuingia mpaka ndani ya kinywa, na hapa imeingia kwa haki.

HUYO SI MTU

Nimesema utu ni wa kutenda. Sasa nataka kutia breki, kwani fikira hiyo ikiachiwa iteremke peke yake yafika pabaya.

Ikiwa utu huchumwa kwa matendo, je, mtoto mchanga aliyezaliwa usiku wa jana amechuma nini? Na bibi kizee asiyewatambua tena wanawe? Na mwizi? Hasa mwizi, maana huyo ndiye anayetupata mtihani. Sote tumeyaona au tumeyasoma: kelele za "mwizi!", watu wakikimbia, mawe, kisha mtu mmoja aja na gurudumu la gari na chupa ya petroli. Kabla ya petroli kuna sentensi. Daima kuna mtu katika kundi anayesema, "Huyo si mtu, huyo ni mnyama." Sentensi hiyo ndiyo hufungua njia, kwani aliye mtu ana kesi, ana mama, ana jina, na asiyekuwa mtu ana uzito wa kuni tu. Na angalia kwamba hata hiyo yazidi kipimo chetu wenyewe: mnyama naye kwa Kiswahili ni yule, na anayemchoma mbuzi akiwa hai tutamwita hana utu.

Kosa liko wapi? Kwa maoni yangu liko katika kuichukua mizani ya utu na kumpima nayo aliyefungwa kamba. Neno "hana utu" katika lugha ya wazee lilimlenga mwenye kutenda: tajiri asiyemlipa kibarua wake, mke wa baba anayemfungia yatima chakula, bwana wa ile hadithi ya urithi. Lilikuwa ni lawama ya kumwambia aliye na nguvu. Halikuwa hati ya kumtoa mtu katika watu. Mwizi aliyeiba simu amepungukiwa na utu kwa kuiba, kweli; lakini mwenye gurudumu ndiye anayepimwa sasa hivi, mbele ya kadamnasi.

Wazee walikuwa na mahali ambapo walilionyesha jambo hili bila ya maneno mengi, napo ni penye kuosha maiti. Maiti hatendi. Hana la kuchuma wala la kulipa. Angekuwa ni matendo tu yanayomfanya mtu, basi juu ya kitanda kile pangekuwa na kitu. Lakini tazama afanyiwavyo: maji hayamwagwi ya kuchoma wala ya barafu, uchi wake hufunikwa shuka, mkono wa mwosha ukapita chini yake, tumbo hukandwa polepole, na aliloliona mwosha katika mwili ule, ikiwa ni aibu, haruhusiwi kulitoa nje ya chumba. Aliyekuwa mlevi huoshwa hivyo. Aliyehukumiwa akauawa huoshwa hivyo. Mtoto aliyelia mara moja akafa huoshwa, akapewa jina na kusaliwa. Na wale wazee, kwa lafudhi yao, walisema maiti ameoshwa, maiti amesaliwa. Magazeti ndiyo yaliyotufundisha kuandika maiti imepatikana, nasi tukaona ndiyo sarufi bora. Ng'ombe aliyekufa huwa mzoga, lakini mtu aliyekufa waliendelea kumwita yule.

Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, serikali ilianza kufukua makaburi ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Mungu. Hesabu ilipita miili 400, wakiwemo watoto wengi. Ililetwa Malindi, ikawekwa baridini, ikapewa namba, kwani hapakuwa na namna nyingine. Vipimo vya DNA vya jamaa vilichukuliwa vilinganishwe na mifupa. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na ya heshima, nami siwalaumu madaktari kwa namba zao. Lakini kwa karibu mwaka mzima tuliandika miili, mabaki, sampuli. Machi 2024 jamaa wa kwanza walikabidhiwa watu wao, na siku hiyo wakalia kwa majina: fulani amepatikana, fulani anakwenda kuzikwa kwao. Wengine wengi walibaki na namba.